Mama anameza vidonge, mdogo wangu anadunga sindano: kisukari kina aina ngapi?

Swali

Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 58 na mwaka wa nane huu ana kisukari. Anameza metformini na glibenklamaidi. Miezi miwili iliyopita mdogo wangu wa kiume, miaka 19, alianza kukonda, akawa anakunywa maji na kukojoa usiku kucha. Zahanati walimtibu malaria. Siku ya tatu alitapika mpaka akalegea, tukampeleka hospitali, sukari ikasoma 31. Sasa anadunga insulini asubuhi na jioni. Sukari yake imerudi 5 na 6, ila mara mbili ametetemeka na kutoka jasho jingi. Jirani anasema mama ana sukari ya kupanda na mdogo wangu ana ya kushuka, kwa hiyo aachane na sindano agawane vidonge na mama. Mjomba anasema mama bado yuko aina ya kwanza, akifika kwenye sindano ndiyo aina ya pili. Dada yetu naye alipata kisukari akiwa mjamzito, kikaisha alipojifungua. Na kuna mtu wa dawa za asili anayesema anakimaliza kabisa. Je, kisukari kina aina ngapi, na hawa watatu wana aina gani? Nyumbani hatuna friji. Msomaji, Muheza.

Jibu

Marahaba, dada yangu, na poleni kwa mtihani. Kabla ya kufika kwenye aina, kuna mawili ya kushika leo. Mdogo wako asiache insulini, hata sukari ikisoma 5 wiki nzima. Na vidonge vya mama vibaki vya mama. Kule kutetemeka na kutoka jasho kunataka dozi ipunguzwe, na wa kuipunguza ni kliniki iliyomwanzishia, tena msingoje tarehe ya kurudi. Kupunguza dozi ni jambo moja, kuacha dawa ni jambo jingine, na kwa kijana aliyefika hospitali katika hali ile kuacha kunaweza kumuua.

Sasa jirani. Habari ya sukari ya kupanda na ya kushuka naisikia sana, hata kwa watu waliosoma. Hakuna ugonjwa wa kisukari cha kushuka. Kisukari cha aina yoyote ni sukari kuzidi kwenye damu: 7.0 au zaidi asubuhi kabla ya kula, au 11.1 au zaidi saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, au asilimia 6.5 na kuendelea kwenye HbA1c, kile kipimo tunachokiita cha miezi mitatu, kinachopima sukari iliyoshika kwenye chembe nyekundu za damu. Asiye na dalili hurudiwa kipimo kabla ya kuambiwa anaumwa. Mwenye kisukari akishuka chini ya 4, mara nyingi dawa imezidi chakula: amedunga kisha hakula, amelima tangu alfajiri, au dozi iliyomfaa mwezi jana imekuwa kubwa mwezi huu. Mama naye anaweza kushuka, maana glibenklamaidi inajulikana kwa hilo, hasa kwa mtu mzima ambaye figo zimeanza kuchoka. Metformini peke yake hufanya hivyo kwa nadra. Ikitokea kwa yeyote kati yao, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Aliyepoteza fahamu msimmiminie kitu mdomoni. Mkimbizeni hospitali.

Mjomba yeye amesikia namba akadhani ni ngazi. Aina ya kwanza haikui ikawa ya pili. Namba hizo hutaja chanzo cha ugonjwa, hazisemi umefika wapi, wala hazisemi mgonjwa anatumia dawa gani. Mama akianza insulini kesho asubuhi, kisukari chake kitabaki cha aina ya pili.

Kwa nini chanzo kina uzito hivyo? Angalia kazi ya insulini. Hutengenezwa na seli beta za kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Ukila ugali, wanga husagwa kuwa glukosi, glukosi huingia kwenye damu, na insulini huifanya misuli na mafuta ya mwili yaichukue. Hiyo ndiyo kazi ambayo wengi wanaijua. Ya pili husahauliwa: insulini hulizuia ini lisimwage sukari ovyo usiku, na huyazuia mafuta ya mwili yasiyeyuke kupita kiasi. Insulini ikitoweka kabisa, mafuta huyeyuka kwa wingi, ini huyageuza kuwa ketoni, na ketoni huitia damu asidi. Hapo mtu hutapika, tumbo humuuma, hupumua kwa kasi na kwa kina, pumzi hutoa harufu ya matunda yaliyoiva mno, kisha fahamu hupotea. Ni suala la siku chache, wakati mwingine saa. Nadhani hicho ndicho kilichomlegeza mdogo wako siku ile, na kwenye karatasi zake za hospitali huenda mkakuta neno "ketoni" au "DKA", kifupi cha Kiingereza cha hali hiyo ya ketoni kuitia damu asidi.

Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili wenyewe huzishambulia seli beta na kuziua. Hatujui kikamilifu kinachoiamsha, lakini si soda alizokunywa, si uvivu, wala si laana ya ukoo, na hakuna ambacho mama yenu angefanya kuzuia. Huanza zaidi utotoni na ujanani, ingawa kuna wanaoanza wakiwa na miaka 40 au 50. Kwa watu wazima huweza kuja polepole, wakaanzishiwa vidonge kama wa aina ya pili, vikakataa kufanya kazi baada ya muda mfupi. Kabla insulini haijagunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, mtoto mwenye aina hii hakuwa na tumaini. Wa kwanza kudungwa alikuwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyebaki mifupa mitupu. Alipata sindano yake Januari 1922, akaishi miaka 13 mingine.

Kuhusu zahanati kuanza na malaria, sishangai, na sitaki kumlaumu mtu ambaye sikuwa naye chumbani. Kijana amechoka, anatapika, tumbo linauma, na ninyi mko Muheza. Ila hata kipimo cha malaria kikitoka chanya, hakifungi uchunguzi, kwa sababu mtu anaweza kubeba vimelea vya malaria na kisukari kwa wakati mmoja. Kila mzazi anayesoma hapa ashike hili: kiu isiyokwisha, kukojoa kupita kawaida (pamoja na mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akarudia), na kukonda huku anakula. Ukiyaona, omba apimwe sukari kidoleni siku hiyo hiyo. Ni tone moja la damu na sekunde chache.

Sasa nije kwenye jambo linalonipa wasiwasi zaidi katika barua yako, nalo ni zile 5 na 6. Aliyeanza insulini kwa kisukari cha aina ya kwanza mara nyingi hupata kipindi cha nafuu wiki au miezi michache baadaye. Seli beta chache zilizosalia, zilizokuwa zimelemewa na sukari nyingi, hupumzika na kuanza tena kutoa insulini kidogo. Mahitaji ya sindano hushuka sana, dozi ya zamani inakuwa kubwa mno, na hapo ndipo jasho na kutetemeka hutokea. Familia huona amepona. Ukiongeza na maombi au kikombe cha mitishamba kilichonyweka wiki hiyo hiyo, ushuhuda umekamilika. Kwa hiyo huyo mtu wa dawa za asili amefika kwa wakati mzuri sana kwake. Akimpa mdogo wako dawa leo na sindano zikaachwa, anaweza kuonekana mzima kwa muda, kisha nafuu ikaisha (huwa ya miezi, mara chache hupita mwaka) na ketoni zikarudi. Anapougua kitu kingine, homa au kuhara, hatari huja mapema zaidi. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba siku ya ugonjwa insulini haiachwi hata kama hamu ya kula hakuna: anapimwa mara kwa mara, anakunywa maji mengi, na akianza kutapika anapelekwa hospitali.

Hata hivyo siwezi kukuhakikishia nikiwa mbali kwamba yake ni aina ya kwanza ile ya vitabuni. Kwa muda mrefu tulichukulia kwamba kijana wa Kiafrika aliyekonda na anayehitaji insulini lazima awe na ugonjwa ule ule wa kijana wa Ulaya. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa watu 894 kutoka Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, wote kisukari chao kilianza kabla ya miaka 30 na wote walikuwa wakitibiwa kama wa aina ya kwanza. Takriban theluthi mbili hawakuwa na zile kingamwili zinazoonyesha kwamba kinga ya mwili ndiyo iliyoshambulia kongosho. Insulini yao ilikuwa pungufu kweli, wala hawakufanana na wa aina ya pili, lakini chanzo kilionekana kuwa kingine. Kwa mgonjwa wa leo maana yake ni moja: kukosa kingamwili hakumpi mtu ruhusa ya kuacha sindano.

Kuna na kundi jingine ambalo tunaliona sana kwa watu wenye asili ya Afrika, wanaume zaidi, wengi wao wakiwa na unene kiasi. Huingia hospitali na ketoni kama wa aina ya kwanza, wakatibiwa kwa insulini, kisha baada ya miezi wakaweza kuishi kwa vidonge kwa miaka. Hao ni wa aina ya pili waliokuja kwa kishindo. Mdogo wako alikuwa na mwili gani kabla ya kukonda? Waambieni kliniki. Kuna kipimo cha C-peptidi kinachoonyesha kongosho bado linatoa insulini kiasi gani, na kipimo cha kingamwili. Havipo kila mahali na vina gharama, na C-peptidi ikipimwa mapema mno inaweza kudanganya kwa sababu ya ile nafuu. Mwenye kliniki nzuri hatakimbilia jibu. Atamweka kwenye insulini, atapunguza kwa hatua akiangalia namba, na muda utasema. Kumtoa kwenye sindano kukiwezekana, kunafanywa na daktari huku ketoni zinapimwa, si jikoni kwa ushauri wa jirani.

Na kwa nini vidonge vya mama visimfae? Glibenklamaidi hulilazimisha kongosho kutoa insulini iliyomo. Seli zikiwa zimekufa, hakuna cha kutoa. Metformini humsaidia mtu mwenye insulini yake ambayo mwili hauitikii vizuri. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachozuia ketoni kwa mtu asiye na insulini.

Mama yuko upande mwingine kabisa. Aina ya pili ndiyo wanayoumwa zaidi ya asilimia 90 ya wenye kisukari duniani, ambao Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa watu wazima milioni 589 mwaka 2024. Hapa insulini ipo, wakati mwingine nyingi kuliko kawaida, lakini ini na misuli vimekuwa sugu kwake. Kongosho huongeza juhudi miaka na miaka mpaka linashindwa kufidia. Urithi una sehemu kubwa, kisha mafuta yaliyojaa kwenye ini na kuzunguka viungo vya tumboni, kukaa muda mrefu bila kujishughulisha, na umri. Hapa kwetu wapo wengi wenye aina ya pili ambao si wanene hata kidogo, kwa hiyo msimwondolee mtu hofu kwa kumtazama umbo. Kwa kuwa huja kimya, wengi huishi nayo miaka bila kujua, na hugundulika kwa kidonda cha mguu kisichopona, macho kufifia au fangasi zinazorudi kila mara. Barani Afrika karibu robo tatu ya wenye kisukari hawajui kwamba wanacho.

Kongosho la mtu wa aina ya pili huendelea kudhoofika hata akiwa mtiifu. Hilo lilionekana wazi katika utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, uliofuatilia wagonjwa wapya 5,102 na kutoa matokeo makuu mwaka 1998: dawa moja iliyowatosha mwanzoni, kwa wengi haikutosha baada ya miaka. Kwa hiyo mama akiambiwa aanze insulini, isichukuliwe kama adhabu au dalili ya mwisho. Nimewaona wazee wanaikataa mpaka miguu inaoza, kwa kuogopa kwamba "sindano ndiyo inayoua", kwa sababu jirani aliyekufa alikuwa ameanzishiwa sindano wiki mbili kabla. Alianzishiwa akiwa amechelewa. Sindano haikumuua.

Kwa upande wa chakula sina muujiza. Dona ni bora kuliko sembe, lakini bonge la dona linapandisha sukari vilevile. Kinachobeba uzito ni ukubwa wa ugali, wingi wa mboga za majani na maharage pembeni, na chai isiyo na sukari, ambayo kwa wazee wa Tanga najua ni kuwaomba kitu kikubwa.

Je, aina ya pili huisha? Huweza kurudi nyuma. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza uliwachukua watu wenye uzito uliozidi ambao hawakuwa wamepitisha miaka sita na ugonjwa, wakapunguzwa uzito kwa mpango mkali wa chakula, na karibu nusu yao baada ya mwaka sukari ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Si uponyaji, maana uzito ukirudi sukari hurudi nao, na kwa mama mwenye miaka minane nafasi hiyo ni ndogo. Nakutajia ili uone kwamba hatuukatai ukweli huo kwa wivu wa biashara. Tunachokataa ni mtu mmoja kuwa na chupa moja kwa watu watatu wenye magonjwa ya vyanzo vitatu.

Dada yenu alikuwa na kisukari cha ujauzito. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama uwe sugu kwa insulini, hasa kuanzia katikati ya mimba, ndiyo maana kipimo chake hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28. Kongosho lisipoweza kuongeza kasi, sukari hupanda, mtoto hukua kupita kiasi na kujifungua kunakuwa kugumu. Kondo likitoka, sukari hurudi chini siku hizo hizo, na hapo ndipo wengi hupotea kliniki. Lakini mwanamke huyo ana uwezekano wa kupata aina ya pili baadaye mara saba hadi kumi zaidi ya mwenzake. Alitakiwa kupimwa tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Kama hakupimwa, apimwe sasa, arudie kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, na akishika mimba nyingine aseme mapema, siku ya kwanza ya kliniki. Na wewe uliyeandika, mama na dada wakiwa hivyo, pima sukari ya asubuhi kabla ya chai.

Aina nyingine zipo, nitazipitia haraka. Kuna kisukari cha kongosho lililoharibika kwa pombe, kwa uvimbe wa mara kwa mara au kwa upasuaji. Kuna kinacholetwa na dawa, hasa za kundi la prednisoloni na deksamethasoni zikitumika muda mrefu, au zikinunuliwa kiholela dukani. Kuna cha urithi wa jeni moja, kinachopita kizazi baada ya kizazi na kuanza ujanani. Na kuna cha watu waliokosa lishe ya kutosha tangu utotoni: Shirika la Afya Duniani lilikiorodhesha mwaka 1985, likakiondoa 1999, na Aprili 2025 mkutano wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari huko Bangkok ukakipa jina la aina ya tano. Wataalamu bado wanabishana juu yake. Hao huwa wembamba sana, wana insulini kidogo, lakini ketoni haziwasumbui kama wa aina ya kwanza, na dozi kubwa ya insulini huweza kuwaangusha.

Jambo moja la maabara, kwa sababu mikoani kwetu seli mundu ni nyingi: mtu mwenye ugonjwa huo asitegemee HbA1c, maana chembe zake nyekundu haziishi muda wa kawaida na kipimo husoma chini ya ukweli. Yeye afuatwe kwa sukari ya kidoleni na ya asubuhi.

Kuhusu friji. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Mwombeni jirani mwenye friji au zahanati iliyo karibu wawatunzie, ila isiwekwe kwenye sehemu ya kugandishia, kwani insulini iliyoganda ni ya kutupa. Ile inayotumika inaweza kukaa nje kama wiki nne ikiwa mahali pa baridi. Ili kupata ubaridi huo, chukueni chungu kikubwa cha udongo, tieni mchanga, zamisheni ndani yake chungu kidogo chenye kifuniko, lowesheni mchanga asubuhi na jioni, mkiweke kivulini penye upepo. Chupa ikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa ndani ya kile kidogo. Insulini angavu ikionekana na ukungu, itupwe. Ile ya mchanganyiko kawaida ni nyeupe kama maziwa. Iviringisheni taratibu viganjani kabla ya kuvuta, na ikibaki na mabonge au ikigandamana kwenye kuta za chupa, nayo itupwe. Hospitali za mikoa kadhaa zina kliniki za watoto na vijana wenye kisukari zinazotoa insulini bure kupitia mipango ya misaada. Huwa kuna kikomo cha umri, kwa hiyo ulizeni wiki hii, mkienda kupunguziwa ile dozi.